Saa Isiyojua Saa

Ukifungua paketi ya chipu za ATtiny85 pale Luthuli Avenue, zote zinafanana kama maharagwe: weusi ule ule, miguu minane, maandishi madogo ya kuumiza macho. Ndani ya kila moja kuna saa. Si ya kukuambia ni saa ngapi, ni mapigo tu yanayoisukuma programu hatua kwa hatua, mamilioni kwa sekunde. Na kila chipu ina mwendo wake. Maelezo ya mtengenezaji hayafichi: saa hiyo inaweza kwenda asilimia 10 mbele au nyuma ya ilivyoandikiwa.

Kwa kazi nyingi hiyo si noma. Taa za Krismasi zikimetameta haraka kidogo, nani atalalamika? Lakini USB haina mchezo. Hata ile ya mwendo wa chini, inayotosha kibodi na mausi, hupitisha biti milioni 1.5 kila sekunde, na kifaa kikipotoka zaidi ya asilimia 1.5 kimetoka nje ya sheria. Laptopu inakuandikia kwamba kifaa hakitambuliki, basi.

Nami nilikitaka kitambulike. Mjomba wangu wa Mombasa alipata kiharusi mwaka juzi. Upande wa kulia umelala, mkono wa kushoto unatetemeka. Alikuwa mwalimu wa hesabu, na msomaji wa kupindukia. Riwaya zake sasa ziko kwenye laptopu, na kila ukurasa ukiisha inabidi aite mjukuu aje kubonyeza. Siku moja mkewe akaniambia kwa simu kwamba ameacha kusoma.

"Hataki kuita watu. Asema ukurasa mmoja si haja ya kumtoa mtoto mchezoni."

Vitufe vya watu kama yeye vipo, vinauzwa ng'ambo, kwa bei ambayo kwetu ni karo ya muhula. Nikaamua kutengeneza: kitufe kipana kama kisosi, cha kupigwa kwa kiganja, ambacho laptopu itakidhani ni kibodi.

ATtiny85 haina USB ndani yake. Inaigiza, kwa msaada wa V-USB, programu ya bure iliyoandikwa na Objective Development wa Austria. Ikienda kwa megahezi 16.5, kila biti inachukua mapigo 11, hakuna la kupoteza. Wengi huiongezea kristali nje ili ishike mapigo sawasawa. Sasa hebu hesabu miguu: wa umeme, wa ardhi, wa kuianzisha upya, miwili ya USB. Imebaki mitatu. Nilihitaji kitufe cha kwenda mbele, cha kurudi nyuma, na kitaa cha kumwonyesha kwamba amesikika. Kristali inakula miguu miwili. Kwaheri kristali.

Kwa hivyo saa ya ndani lazima irekebishwe. Kuna mahali ndani ya chipu panaitwa OSCCAL, pa kuandika nambari kuanzia 0 hadi 255. Ukipandisha nambari, mapigo yanakwenda mbio zaidi, isipokuwa pale katikati, ukitoka 127 kuingia 128, ghafla yanapungua, kwa sababu ni safu mbili zinazolaliana. Inakera, lakini unaizoea.

Nambari sahihi anaijua nani? Laptopu. Kila milisekunde inabisha kwenye waya, kifaa kisilale. Na uzuri ni kwamba kusikia hodi hakuhitaji saa nzuri. Hata usipojua lugha ya mgeni, unasikia anapobisha. Chipu inahesabu mapigo yake kati ya hodi moja na nyingine. Yanatakiwa 16,500. Yakizidi, inashusha nambari. Yakipungua, inapandisha, kila mara ikigawa hatua nusu. Majaribio manane, kisha inachungulia majirani wa pale ilipotua. Hujapepesa jicho imemaliza.

Jamaa mwenye kibanda cha kutengeneza simu alinishauri nipime chipu moja, ninakili nambari yake kwa nyingine zote, nimalizane. Nikapima mbili za paketi moja. Moja ilitulia kwenye 96, ya pili 109. Na hata hiyo 96 ni ya hapa tu: saa hizi hubadilika na joto, na nambari ya Nairobi mwezi wa saba, umevaa jaketi, si ya Mombasa mwezi wa pili. Ndiyo maana sikuhifadhi nambari yoyote. Ikichomekwa, itafute upya.

Nilikituma kwa basi la usiku. Kesho yake mkewe alimshikia simu sikioni. Maneno yake siku hizi yanakuja polepole.

"Mwanangu. Elfu kumi na sita na mia tano. Umeipataje?"

Nikamweleza: megahezi 16.5, gawa kwa elfu. Akanyamaza kidogo.

"Sawa," akasema, kwa sauti ile ya kusahihisha madaftari.

Kuna siku, mnamo saa nane mchana, mabati yakishika moto, kitufe hugoma. Kilipimwa asubuhi kukiwa na ubaridi, sasa kimepata joto. Mkewe ameshajua dawa: anakichomoa, anakichomeka tena, kitaa kinawaka. Juzi nilipiga simu niulize kama kinamsumbua sana. Akaniambia nipige baadaye, mzee yuko ukurasa wa 212 na hataki kuongeleshwa.