Likizo ya Kiangazi: Kwa Nini Tumechagua Albania



Wengi mmekuwa mkituuliza sisi mafrateri tulio masomoni Roma tunafanya nini kuanzia Julai hadi Septemba, vyuo vikiwa vimefungwa. Jibu la kawaida ni fupi. Tunapelekwa parokiani kusaidia, tunaongeza Kiitaliano, tunasoma vitabu ambavyo hatukuvimaliza darasani. Nauli ya kurudi nyumbani kila mwaka haipo. Mwaka huu, hata hivyo, parokia moja tuliyoihudumia wakati wa Juma Kuu ilitupatia fedha kidogo za mapumziko, nasi tukaruhusiwa siku nane. Tuko wanne, wote wanafunzi wa falsafa. Baada ya majadiliano ya wiki tatu tukachagua Albania. Tunawaandikia ili mtuombee, na pia kwa sababu majadiliano yenyewe yametuachia maswali ambayo tunadhani si yetu peke yetu.

Tuseme ukweli: Albania haikuingia katika orodha yetu kwa ajili ya dini. Iliingia kwa ajili ya bei. Meli huondoka bandari ya Bari usiku, unalala humo humo, asubuhi uko Durrës. Euro moja inabadilishwa kwa takriban leki 100, kwa hiyo hesabu zake hazimpigi mtu chenga. Usafiri wa mji hadi mji ni mabasi madogo yanayoitwa furgon, na kwa jinsi yanavyosubiri kujaa kabla ya kuondoka, yatatukumbusha nyumbani. Na kusini kabisa, huko Sarandë na Ksamil, kuna bahari ambayo picha zake zilitosha kumaliza mjadala kwa upande wa mwenzetu mmoja, mzaliwa wa Tanga.

Kilichotugawa kwanza ni joto. Mwezi Julai na Agosti joto la Tirana hupita nyuzi 30 karibu kila siku, na zipo siku linapofika 40. Mwenzetu wa Njombe, aliyekua akiona sakitu shambani asubuhi, alisema hiyo si likizo bali ni toharani. Yule wa Tanga akacheka: joto gani la kumtisha mtu wa pwani? Mwishoni tulikubaliana kufuata desturi ya wenyeji, ambao mchana hufunga madirisha na kukaa ndani, kisha jua likishuka mji mzima hutoka kutembea barabarani. Matembezi hayo ya jioni wanayaita xhiro.

Huo ndio ulikuwa mpango wa kwanza: bahari, kivuli, samaki. Uliobadilisha mambo ni mtaala wetu wenyewe. Katika historia ya falsafa tulikuwa tumefika karne ya 19, kwa Feuerbach na Marx. Feuerbach alifundisha kwamba mwanadamu huchukua sifa zake bora, akazitoa nje ya nafsi yake na kuziita Mungu. Marx akaenda mbele zaidi: dini ni dalili ya maumivu ya jamii, maumivu yakiondolewa, dini itanyauka yenyewe. Mmoja wetu aliuliza kama kuna mahali jambo hilo lilijaribiwa hadi mwisho. Lipo. Ni nchi ile ile tuliyokuwa tukitafuta nauli ya kwendea.

Mwaka 1967 serikali ya Enver Hoxha ilifunga nyumba zote za ibada, zaidi ya 2,000, makanisa na misikiti pamoja. Nchi ikatangazwa kuwa ya kwanza duniani isiyo na dini, na katiba ya mwaka 1976 ikaandika kwamba dola haitambui dini yoyote. Kanisa Kuu la Mtakatifu Stefano mjini Shkodër, kaskazini, wanakoishi Wakatoliki wengi, likageuzwa ukumbi wa michezo. Jengo la Wafransisko mjini humo lilikuwa limekwisha kugeuzwa gereza la polisi wa siri. Leo sehemu yake ni makumbusho. Padre Shtjefën Kurti, aliyekwisha kukaa miaka mingi kifungoni, aliuawa mwanzoni mwa miaka ya 1970 kwa sababu alimbatiza mtoto. Hata Mama Teresa, ambaye wazazi wake walikuwa Waalbania, hakuruhusiwa kuingia. Mama yake alifariki Tirana mwaka 1972 bila mtoto huyo kufika msibani.

Hapo ndipo tulipoanza kubishana kama wanafalsafa. Kitu kinachokufa chenyewe hakihitaji kupigwa risasi. Kama dini ni kivuli cha umaskini tu, ondoa umaskini na usubiri. Aliyeshika bunduki amekiri, bila kusema, kwamba kivuli hicho kina mzizi. Mwenzetu mmoja, aliye makini kuliko sisi, alitukumbusha kwamba hoja hiyo ina mpaka. Mtu kukubali kufa kwa ajili ya jambo hakuthibitishi kwamba jambo hilo ni la kweli. Watu wamekufa pia kwa ajili ya makosa. Tukakubali. Mashahidi si jibu la mtihani wa mantiki. Lakini wanaonyesha imani yao haikuwa nini: haikuwa mazoea, wala kitu cha kulindwa na majengo, maana mazoea yalikatazwa na majengo yalichukuliwa.

Tukatafuta majina yao. Tarehe 5 Novemba 2016, huko Shkodër, Kanisa liliwatangaza Wenyeheri mashahidi 38 wa Albania: maaskofu 2, mapadre, watawa, walei wachache. Tukisoma orodha hiyo tulifika kwenye jina moja tukanyamaza: Mark Çuni, mseminari. Mmoja tu katika wote 38. Alizaliwa mwaka 1919, akapigwa risasi tarehe 4 Machi 1946 kwenye ukuta wa makaburi ya Wakatoliki ya Shkodër, pamoja na mapadre Giovanni Fausti, Daniel Dajani na Gjon Shllaku. Alikuwa na miaka 26. Katika sisi wanne, mmoja ana miaka 25 na wawili wana 26. Hakuwahi kuadhimisha Misa hata moja. Hakuwahi kuitwa padre na mtu yeyote. Na Maria Tuci, msichana aliyetaka kuwa mtawa, alikuwa na miaka 22 alipofariki mwaka 1950 kutokana na mateso ya gerezani.

Usiku ule hakuna aliyetaja tena Ksamil.

Tukaendelea kusoma, na swali gumu zaidi likatujia kutoka upande tusioutarajia. Kwa zaidi ya miaka 20 nchi ile haikuwa na padre aliye huru kuhudumu. Waliobaki hai walikuwa kifungoni au katika kazi ngumu. Kardinali Ernest Simoni alikamatwa usiku wa Noeli mwaka 1963 akiwa padre kijana, akatumikia miaka 18 ya kazi za shuruti, migodini na kwingineko, kisha akapangiwa kazi katika mifereji ya maji machafu. Imani ilibaki mikononi mwa nani? Ilibaki kwa akina bibi waliosali Rozari kwa sauti ya chini, na kwa watu kama Sista Maria Kaleta, aliyetoa ushuhuda wake mbele ya Baba Mtakatifu Fransisko mjini Tirana mwaka 2014. Alisimulia jinsi mwanamke mmoja alivyomsihi njiani ambatize mtoto wake. Sista aliogopa, kwa kuwa mume wa mwanamke huyo alikuwa mkomunisti. Chombo cha kuchotea maji hakikuwapo. Basi akavua kiatu chake cha plastiki, akachota maji ya mfereji, akambatiza.

Sasa, kama bibi na sista mwenye kiatu wanatosha, sisi tunaandaliwa miaka yote hii kwa ajili ya nini? Swali hili tuliliogopa kidogo. Nyumbani pia tunalijua kwa sura nyingine: wengi wetu tumetoka vigango ambavyo padre hufika mara moja kwa mwezi au miwili, na katikati ya hapo katekista ndiye anayesalisha, anayezika, anayefundisha watoto.

Jibu tulilolipata linatoka makaburi yale yale. Novemba 1990, kabla sheria haijawahakikishia usalama wowote, watu wa Shkodër walikusanyika kwenye makaburi hayo, na Padre Simon Jubani, aliyekuwa amekaa miaka mingi kifungoni, akaadhimisha Misa hadharani. Walikuwa wamehifadhi kila walichoweza kuhifadhi: ishara ya msalaba, Ubatizo, sala, kumbukumbu ya wafu. Kimoja hawakuweza kujipa wenyewe, nacho ndicho walichokuja kukipokea pale. Padre hakuwaletea imani; imani aliikuta. Aliwaletea Ekaristi. Tunadhani mtu akilijua hilo kabla ya kupewa daraja, huenda likamwokoa asiingie kijijini kama mwenye mali anayekuja kukagua shamba lake.

Kwa hiyo mpango mpya uko hivi. Kutoka Durrës tutapitia Laç, kwenye kanisa la Mtakatifu Antoni lililo juu ya mlima. Utawala ule ulilibomoa, lakini watu waliendelea kupanda usiku hadi kwenye magofu. Leo Waislamu kwa Wakristo hupanda pamoja, hasa tarehe 13 Juni. Halafu Shkodër siku nne: Kanisa Kuu, ambalo Papa Yohane Paulo II aliwawekea mikono maaskofu wanne mwaka 1993, makumbusho, makaburi. Kutembea ni asubuhi mapema na jioni. Mchana ni kusoma na kulala. Alasiri moja tutakwenda ufukwe wa Velipojë ulio jirani, kwa heshima ya Tanga. Siku ya mwisho ni Tirana. Tumekubaliana kutopiga picha ndani ya vyumba vya gereza. Tunajifunza pia salamu, na tumefurahi kujua kwamba Wakatoliki wa kaskazini wana salamu yao ya jadi yenye maana ile ile ya "Tumsifu Yesu Kristo".

Limebaki jambo moja ambalo hatukulimaliza, nasi hatutaki kuwaficha. Safari itagharimu euro 250 kwa kila mtu, yaani zaidi ya shilingi laki saba za nyumbani. Mwenzetu wa Njombe, tulipokuwa tayari kukata tiketi, alisema hivi: "Ndugu zangu, mashahidi wa Shkodër hawanihitaji. Kigango chetu kinahitaji bati." Tulimweleza kwamba fedha zilitolewa kwa ajili ya kupumzika, kwamba hija nayo ni malezi, kwamba padre anayejua imani imewagharimu wengine nini atawatumikia watu vizuri zaidi. Alisikiliza yote. Kisha akaenda kwa paroko wa ile parokia, akaomba ruhusa ya kutuma fungu lake nyumbani, akaruhusiwa. Siku hizo nane atabaki hapa Roma.

Padre Gombera alipopelekewa ombi letu alilisoma, akauliza tu nani kati yetu ana hakika kwamba amechagua vema. Hakuna aliyenyoosha mkono. Akatia saini.

Tutaondoka Jumatatu ya kwanza ya Julai, watatu. Tunaomba sala zenu kwa ajili ya safari, kwa ajili ya Kanisa la Albania, na kwa ajili ya wazee wa huko ambao bado wanakumbuka kila kitu. Na mwombeeni pia anayebaki. Mwenyeheri Mark Çuni, utuombee.