Simba wa Kwetu Alikuwa Kadibodi

Yule simba aliyezagaa kwenye simu za watu wa Voi, macho yakiwaka kichakani kando ya reli, alikuwa kadibodi. Nilimtengeneza mimi, na mdogo wangu ndiye aliyemtembeza.

Kazi yangu ni kupiga video za harusi na matanga. Kukiwa hakuna kazi, hujifunza kumwonyesha mtazamaji kisichokuwepo, kwa vitu vya sokoni na simu ya kawaida. Niliyekuwa nikimwiga ni Isaac Nabwana wa Wakaliga, Kampala, ambaye mwaka 2010 alitoa filamu ya Who Killed Captain Alex? kwa pesa ambazo mwenyewe husema hazikufika dola 200. Damu yake ni rangi ya chakula iliyotiwa ndani ya kondomu, na kompyuta zake huziunga mwenyewe kwa vipuri vikuukuu. Kama huyo ameweza kuilipua Kampala, simba mmoja angenishinda vipi?

Tena nilikuwa na kinyongo na Hollywood. Filamu ya 1996, The Ghost and the Darkness, inasimulia simba wala watu wa Tsavo waliowahangaisha wajenzi wa reli mwaka 1898. Ilipigwa Afrika Kusini, na simba wake wamefuga manyoya ya shingo kama wafalme, ilhali madume wengi wa huku kwetu hawana, au wanayo haba. Wale wawili wenyewe, waliouawa na mhandisi wa reli, Patterson, wako Chicago kwenye jumba la makumbusho la Field, shingo tupu. Mimi mtoto wa Voi nikaona nitawafundisha simba wa Tsavo alivyo.

Simba wangu hakuwa na mwili. Ukimmulika mnyama gizani, kinachotangulia ni macho, mengine mtu hujijazia mwenyewe. Nilikata viduara viwili kwenye utepe unaong'aa wa jaketi chakavu la bodaboda, nikavibandika kwenye kadibodi niliyoipaka masizi. Mwanzo mdogo wangu aliishika usawa wa kifua, akatokea ng'ombe. Alipoishusha kiunoni na kuanza kunyata, mwili ulinisisimka ingawa nilijua ni yeye. Utepe ule hurudisha mwanga kule ulikotoka, kwa hiyo tochi lazima ikae ubavuni mwa lenzi. Ukiisogeza kando kidogo tu, macho yanazimika. Halafu niliikunja kadibodi katikati kama kitabu, ili akiigeuza, jicho moja lipotee kabla ya lenzake, kama kichwa kinachogeuka. Hilo, nakiri, hadi leo linanipendeza.

Ngurumo niliitoa kooni, mdomo ukiwa ndani ya debe tupu, kisha nikapunguza kasi ya sauti hadi ikawa nzito ya kutisha. Nikaitikisa simu na kuhema kama mtu anayekimbia. Mtikisiko huo ndio uliofunika kasoro zote.

Nikaituma video kwenye grupu la familia bila neno. Ningeweza kusema ulikuwa mzaha tu, lakini nilijua wataogopa, na nilitaka waogope kwanza ndipo nicheke. Kabla ya saa tatu usiku video ilinirudia kutoka grupu jingine, ikiwa na sauti ya mwanamume nisiyemjua akitaja mtaa wetu na kuapa kwamba amemwona kwa macho yake. Vijana walitoka na mapanga na tochi kufuata reli. Kadibodi ilikuwa imelala chini ya kitanda changu, lakini nyati na ndovu wa vichaka vile si wa kadibodi. Gari la askari wa wanyamapori lilizunguka hadi usiku wa manane. Upande wa Sagalla watu wamening'iniza mizinga ya nyuki kuzunguka mashamba ili ndovu wasiingie, na wakiingiliwa usiku, gari kama hilo ndilo wanalolisubiri. Mimi nililivuta kwingine kwa masizi na utepe. Na nilinyamaza, nikiogopa kutandikwa.

Kwa Nabwana niliiga damu nikaacha jambo kubwa zaidi. Juu ya filamu zake kuna sauti ya VJ Emmie, anayepiga kelele, anatania, anawasifu makomando. Hakuna anayetoka pale akidhani Kampala imeteketea. Mtazamaji amekubali kudanganywa, na utamu uko hapo. Mimi sikumwomba mtu ruhusa.

Mama anayeuza chai na mahamri stejini, ambaye hutoka nyumbani kungali giza, hakwenda kazini asubuhi iliyofuata. Unga alikuwa ameshaukanda. Nilipopata moyo wa kumwendea, nilimwambia, "Shikamoo mama. Yule simba ni mimi." Akaniangalia kitambo, akauliza, "Na hasara yangu, nayo ni ya kadibodi?" Nilimlipa. Alizihesabu zile pesa mbele yangu.

Kisha nikatuma kwenye grupu picha ya kadibodi, mchana kweupe, mdogo wangu ameishika, na maelezo yote. Wengine walinitukana, nami nilistahili. Mjomba wangu mmoja alijibu kwa sauti, kwa upole kabisa, kwamba hiyo kadibodi ameiona, lakini simba wa kando ya reli anamjua, na nisiwadanganye watu kwa picha za kutengeneza.