Bloku Kubwa, Bloku Ndogo

Wahenga walinena kwamba ukubwa wa pua si wingi wa kamasi. Methali hii niliitungia sentensi darasani nikapata alama zote. Maana yake hasa niliifahamu likizo ya Aprili, huku kwetu Langas, na bei yake ilikuwa shilingi 30,000 za Baba.

Mpenzi msomaji, kama hujafika Langas, shika barabara itokayo Eldoret mjini kuelekea Kapsabet na Kisumu. Utatuona tu: nyumba za mabati zilizobanana, vibanda vya sukuma wiki, na gereji za jua kali ambako gari huingia likivutwa kwa kamba na kutoka likinguruma. Baba ana pikapu ya Toyota Hilux ya dizeli, kuukuu kuliko mimi. Kwa pikapu hiyo hubeba viazi, kabichi na mahindi, na kwa pikapu hiyo mimi na ndugu zangu wawili tunasoma.

Likizo ilipoanza, pikapu ilikuwa hoi. Ilikunywa oili kama mlevi na kutoa moshi hadi kina mama wauza mboga wakawa wanafunika bidhaa zao ikipita. Fundi, ambaye ni jirani yetu, aliifungua akakuta ringi zimekwisha na silinda moja imekwaruzika vibaya.

"Hii imechoka, mzee mwenzangu," akamwambia Baba. "Tafuta injini ingine."

Hapo ndipo ulimi wangu uliponiponza. Shuleni nilikuwa nimesoma gazeti la zamani la magari ya Marekani, lenye habari za injini za bloku kubwa na bloku ndogo. Kusema kweli nilitazama picha zaidi ya kusoma, lakini bwenini tayari walikuwa wakiniita Injinia. Basi dalali mmoja alipokuja kusema anayo injini ya Land Cruiser, silinda sita, iliyoshuka Mombasa juzijuzi, nilidakia kabla Baba hajafungua kinywa.

"Baba, chukua hiyo! Hiyo ni bloku kubwa. Bloku kubwa ndiyo nguvu."

Baba alinitazama kwa muda. "Una hakika?"

"Hakika kabisa."

Aliingia ndani, akatoa karo yangu ya muhula wa pili, akamhesabia dalali 30,000 ziwe arbuni.

Kesho yake Fundi alipopata habari, hakugomba. Alifungua boneti, akatoa futi yake ya utepe na kuniita.

"Kijana, shika huku." Tukapima nafasi yote kutoka ukuta wa ndani hadi kwenye radieta. "Injini yenu ni 2L, silinda nne kwa mstari mmoja. Ile ya dalali ni 1HZ, silinda sita kwa mstari mmoja. Utaiweka wapi? Ama radieta tuiweke barabarani?"

Wanagenzi wake wakaangua kicheko. Mimi nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Fundi akaendelea kunihesabia: uzito ule ungelemea springi za mbele, mauntini zisingelingana, na gia boksi ingebidi ibadilishwe. Kufikia hapo, gharama ingeshinda bei ya pikapu yenyewe.

"Lakini Mzee," nikasema kwa sauti ya kinyonge, "si bloku kubwa ina nguvu?"

"Bloku ni nyumba tu," akajibu. "Uliza vyumba vyake ni vipana kiasi gani, na wapangaji wanapumua vipi."

Akaokota kipande cha chaki na kuchora duara kwenye bati. Pistoni ya 2L ina upana wa milimita 92, na safari yake ya kupanda au kushuka ni milimita 92 vilevile. Aliniambia nipige hesabu mimi niliyesoma. Nilitumia kanuni ileile tuliyofunzwa ya mjao wa silinda, nikazidisha kwa nne, nikapata 2,446, zile tuziitazo cc. Kisha akanitajia 3L: milimita 96 kwa 96. Nikapata 2,779. Nikashangaa, kwa kuwa injini hizo mbili zilikuwa pale chini kando kwa kando, na kwa nje ni kama ndugu wa toka nitoke.

"Hii 3L inakaa palepale pa 2L," akasema Fundi. "Nyumba ni ileile, vyumba ndivyo vimepanuliwa."

Usiku ule nilitoa lile gazeti kwenye sanduku, na safari hii nikasoma maneno. Wenzangu, nilitahayari. Kampuni ya Chevrolet ilitoa injini yake ya bloku ndogo mwaka wa 1955, na baadaye ikaunda bloku kubwa. Zote zina silinda nane zilizopangwa kwa umbo la V. Tofauti yao ni ukubwa wa kile chuma chenyewe. Kutoka katikati ya silinda moja hadi katikati ya jirani yake ni milimita 112 hivi kwa bloku ndogo, na 123 kwa bloku kubwa. Sasa sikia ajabu: mwaka wa 1965 kulikuwa na bloku kubwa ya lita 6.5, na mwaka wa 1970 ikatoka bloku ndogo ya lita 6.6. Ndogo ikamzidi kubwa kwa tumbo!

Lakini hakuna cha bure. Ili vyumba vipanuke ndani ya nyumba ndogo, silinda za ile ya 1970 ziliunganishwa kuta, maji yasipate pa kupita katikati yake. Kwa hiyo ikasifika kwa kuchemka upesi. Sisi wa Langas hatuhitaji kuelezwa hayo. Mwenye ploti akipanua vyumba kwa kuondoa ujia, mpangaji husikia hata jirani akikoroga chai.

Nilipomsimulia Fundi, alifurahi, akaniongezea la mwisho. Eldoret iko zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, na hewa yetu ni nyepesi, karibu nne kwa tano tu ya ile ya Mombasa. Ndiyo maana wanariadha huja huku kuyanoa mapafu. Injini nayo hupumua. Isipokuwa na turbo ya kuishindilia hewa (sisemi ule mji wetu wa Turbo wa njia ya Webuye), itapungukiwa na nguvu ikifika huku, iwe ya bloku kubwa au ndogo.

Dalali alirudisha 15,000 baada ya kufuatwa mara nne. Zilizobaki zilikwenda na maji. Baba alikopa kwenye chama akanunua 3L, na Fundi akakubali kuifunga kwa malipo ya mkono wangu: likizo nzima nilisugua vyuma kwa dizeli hadi kucha zikawa nyeusi. Muhula ulipofunguliwa sikuwa na karo. Mlirudi shuleni wiki mbili kabla yangu, na wengi mliniuliza nilikuwa wapi. Sasa mmejua.

Jioni moja nilimsikia Mama akiuliza kama kosa lilikuwa langu. Baba akajibu, "Mtoto alisema alichokijua. Mimi ndiye niliyependa kusikia neno kubwa, nikasahau kupima."

Maneno hayo yaliniuma kuliko kiboko. Baba aliniuliza swali moja tu, "Una hakika?", nami nikampa jibu la bwenini. Siku hizi mtu akiniita Injinia, humwambia angoje kwanza nilete futi.