Leta Vigae

Binti wa mdogo wangu, yuko mwaka wa pili wa kemia, amenitumia picha kwenye simu. Stoo ya zamani ya maabara inaondolewa ipishe ofisi, na vitu vyake vimerundikwa nje chini ya mwembe. Katikati ya rundo kimesimama chombo cha kioo chenye matumbo matatu yaliyopandana. Chini ya picha kaandika: "Shangazi, kumbe enzi zenu mlikuwa mnavuta shisha chuoni?"

Nilicheka, nikakasirika, kisha nikacheka tena. Ile ni Kipp. Ina jina la Mholanzi aliyeibuni karne ya 19, na ndiyo iliyotoa ile harufu ya mayai viza tuliyorudi nayo bwenini hadi wasichana wa sheria wakatuhama meza ya chakula. Tumbo la kati unatia vipande vya salfaidi ya chuma. Tindikali inateremka kutoka juu hadi chini kabisa, halafu inapanda kuvikuta. Ukifungua koki, gesi inatoka. Ukiifunga, gesi yenyewe inaisukuma tindikali irudi nyuma, kazi inasimama. Umeme ulipokatika, Kipp haikuwa na habari.

Gesi hiyo tuliipitisha kwenye vimiminika tulivyopewa bila kuambiwa vina nini. Kikitua kitu cheusi, fikiria risasi au shaba. Cha njano, kadmiamu. Rangi ya chungwa ilikuwa antimoni, na hapo mtu alipiga kigelegele. Mchana mzima wa kuchuja na kunusa ili uandike jina moja kwenye daftari.

Aliyeitunza Kipp ni mzee wa stoo. Hatukumwita kwa jina lingine. Alikaa nyuma ya dirisha la wavu lenye tundu la kupitishia mkono, na kitabu kikubwa chenye jalada jekundu. Walimu walitufundisha kwamba haidrojeni salfaidi ni sumu. Yeye alitufundisha kwa maneno yake: "Ukiisikia harufu, bado uko salama kidogo. Ukiona imepotea ghafla na koki iko wazi, kimbia, usiulize." Baadaye nilikuta kitabuni kwamba ni kweli: ikizidi, gesi hiyo huiua pua kwanza.

Kila mwanzo wa muhula alituhesabia vyombo kimoja kimoja, tukatia sahihi. Ukivunja, maelezo yako hakutaka kuyasikia. "Leta vigae," alisema. Ukarudi, ukaviokota, ukavileta kwenye sinia. Alivitandaza juu ya gazeti na kuvipanga mpaka chombo kikaonekana tena, kimelala. Mimi nilidhani anatuaibisha. Kumbe alikuwa anatafuta kilichopona: koki, kizibo, kiungio cha kondensa. Ilikuwa miaka ya foleni, na kiungio kilichosagwa vizuri hakikuwa kitu cha kutupa. Bureti iliyokatika ncha aliiweka kwenye mwali, akaizungusha polepole huku midomo yake ikichezacheza kama anayehesabu, akaivuta ncha mpya. Zilikuwa fupi bureti zake, lakini alama hazikuguswa, na taitresheni zetu zilikubali.

Siku yangu ilifika tulipokeneka karafuu. Siku zote nimeisimulia kama siku ya masika. Nimefungua daftari: Jumanne, tarehe 12 Februari 1985. Haya, iwe Februari. Tulikuwa tumetia karafuu za Unguja, tukapitisha mvuke, yakatoka maji meupe kama tui. Nikayamimina kwenye faneli ya kutenganishia, nikangoja yajitenge, nikafungua koki kumwaga maji ya chini ili nibaki na mafuta juu. Mafuta huelea, nani asiyejua? Mafuta ya karafuu hayaelei. Ni mazito kuliko maji. Mwenzangu kutoka Pemba akaniuliza taratibu, "Dada, mbona wamwaga mali?" Nikashtuka, faneli ikanitoka mkononi.

Nilipeleka vigae. Mzee alikichukua kimoja, akakinusa, akakiweka. Akanusa cha pili. "Hii sasa," akasema, "ni hasara yenye heshima." Kisha akaniandika kwenye kitabu chekundu kama mtu mwingine yeyote, nikalipa.

Mwaka wa tatu ulikuwa wa kupigana na hewa ya pwani. Mmenyuko wa Grignard hautaki maji hata chembe. Sisi tulikuwa tunafanya kemia ndani ya jasho. Etha inachemka kwenye nyuzi 34.6, na mchana wa Februari Dar es Salaam haiko mbali na hapo: ukiikumbatia chupa kwa kiganja, etha inaanza kutoa mapovu. Tulianza saa moja asubuhi, tukatia punje ya iodini, tukangoja rangi ipotee na magnesiamu ianze kuchafuka. Kuna siku haikuanza kabisa. Na vile visahani vya chumvi vya mashine ya infraredi, vinavyong'aa kama kioo, ukivisahau nje ya desiketa saa moja tu vinapata ukungu kama jicho la mzee.

Sitaki kudanganya. Pipeti tulivuta kwa mdomo, na benzini tulinawia mikono. Hayo yameondoka, yasirudi.

Miaka ya 90 nilifundisha sekondari, mahali ambapo wanafunzi walijibu maswali ya praktiko kwa kalamu bila kugusa bureti. Baadaye nikaingia ofisini. Basi.

Binti ananieleza kwamba kwenye praktiko wako kumi na wawili kwa bureti moja. Mmoja anazungusha koki, mmoja anaandika, waliobaki wanapiga picha. Namba za kundi la mwaka jana zinazunguka kwenye simu, kwa hiyo majibu yote ni mazuri. Nilimuuliza mafuta ya karafuu yana harufu gani yakitoka kwenye kondensa. Akanitumia picha ya molekuli, imechorwa vizuri sana.

Jana usiku nikamwandikia aende chini ya mwembe kabla lori halijafika, aangalie ile koki ya tumbo la kati kama bado inazunguka.

Amejibu: "Koki ndiyo ipi?"