Siku mbili Mbarara, kabla ya njia ya Rwamwanja

Wengi wetu Mbarara tunaijua ya kwenda hospitali kubwa na kurudi jioni. Mimi safari hii niliilala siku mbili, kwa hiyo nimeombwa niwaelezee.

Kwanza gari. Ni Hiace ya zamani ya jirani yetu, siku zingine inabeba nyanya na samaki. Tuling'oa viti vya nyuma, tukatandika magodoro mawili, tukaweka jerikani mbili za maji, sigiri, sufuria, unga wa posho na maharage. Tulikuwa watu sita. Mpango ulikuwa Mbarara, Ibanda, Kamwenge, Rwamwanja, halafu Kyaka II kwa watoto wa mwenzetu mmoja, na kulala ndani ya gari popote usiku utakapotukuta. Loji ya watu sita kila siku nani atailipa?

Aliyetutoa nyumbani ni mama mmoja mzee wa kijiji chetu. Mwaka 2012, vita ya M23 ilipofika Rutshuru, yeye na mdogo wake walivuka Bunagana siku tofauti. Mdogo alipitia Nyakabande kule Kisoro, akapandishwa basi la Rwamwanja, kambi iliyofungwa 1995 na kufunguliwa tena mwaka ule ule wa 2012 kwa ajili yetu Wakongomani. Mkubwa akaletwa hapa. Kila mmoja aliomboleza mwenzake. Juzi tu namba ya simu ikapatikana kwa mtu wa kanisa, wakaongea, lakini mdogo hakusadiki ile sauti. Alisema, "Watu wanadanganya kwa simu. Njoo nikuone." Mimi nilichukuliwa kwa sababu ya lugha, Kinyankole na Kiingereza.

Tulikula vumbi, tukagusa lami, tukapita Kaberebere, tukaingia mjini mchana. Hapo fundi wa gereji akainama chini ya gari, akasema kwa breki hizi hamfiki Ibanda. Alituambia masaa mawili. Masaa mawili ya fundi mnayajua.

Basi tukapata nafasi ya kuuangalia mji. Mbarara ilipewa cheo cha jiji tarehe 1 Julai 2020, na ukisimama kwenye barabara kubwa unaelewa sababu: njia za Kampala, Kabale, Ishaka, Ibanda na ile yetu ya Isingiro zote zinakutana pale. Malori ya kutoka Mombasa kwenda Rwanda yanapita huko huko. Kilichonigusa mimi ni mto Rwizi. Jiji linakunywa maji yake, halafu mto unashuka mpaka maziwa ya upande wetu, Mburo na Nakivale. Nilimwonyesha mama pale darajani, akasema kumbe ndiyo maana maji yetu yanakuja yamechoka.

Siku ya pili gari bado iko juu ya mawe. Nikapanda taksi mpaka Biharwe, kama kilomita 12 njia ya Kampala, ilipo nyumba ya makumbusho ya Igongo. Walimu wenzangu, hii muwaambie watoto. Mwaka 1520 mfalme Olimi wa Bunyoro alikuwa anapita huko na ng'ombe alioteka, mara jua likafunikwa mchana kweupe. Askari wake wakakimbia, ng'ombe wakabaki, na Wanyankole wakasema wametoka mbinguni. Wataalamu wa nyota wamehesabu wakakuta kweli jua lilipatwa mwaka huo. Hadithi ya wazee ikawapa wenye vitabu tarehe!

Juu ya Kiswahili niseme neno. Mama aliuliza bei ya kitenge kwa Kiswahili, muuzaji akabadilika uso. Wazee wa huku wanakijua kama lugha ya bunduki: kambi ya jeshi ya Mbarara iliitwa Simba, na Februari 1979 jeshi la Tanzania liliingia hapa likimfukuza Amin, mji ukavunjika sana. Tangu Julai 2022 serikali ya Uganda imekubali Kiswahili kuwa lugha rasmi na kifundishwe shuleni, lakini sokoni amri haijafika. Nilipoingia na Kinyankole bei ilishuka. Mama akanunua kitenge, na samli, kwa mdogo wake.

Kwenye kituo cha mafuta tulikuta wazungu wawili na Land Cruiser yenye hema juu ya paa na ngazi ya kupandia. Wanazikodi Kampala na Entebbe, wanapita Mbarara kujaza mafuta, kutoa pesa benki na kununua chakula kabla ya kwenda Bwindi kuona sokwe. Sababu zetu zile zile, ila sokwe. Mama aliitazama ile ngazi muda mrefu. "Hawa wamefukuzwa wapi?" Nikamwambia wanatembea tu. Hakuniamini.

Mkitaka kufanya safari kama hii, barua ya ruhusa ya kambi na kitambulisho toeni fotokopi Mbarara, kila mtu abebe yake, msiwekee dereva zote. Simu zichajiwe. Na breki zipimwe kabla ya kutoka Nakivale, siyo baada.

Usiku wa pili tulilala ndani ya gari, uani kwa fundi. Mama hakulala. Aliniamsha mara tatu kuniuliza, akifika aseme nini kwanza. Uso umebadilika, meno yametoka. Alikuwa anachagua swali ambalo mtu mwingine hawezi kujibu: nani alivunja mtungi siku ya ubatizo, baba alimuuza ng'ombe gani kulipa shule. Akaona la ng'ombe ndilo bora.

Saa kumi na moja alfajiri tukashika njia ya Ibanda kupitia Bwizibwera, ukungu mpaka kwenye migomba. Baada ya Ibanda gari ilikwenda polepole, usiku tukaegesha penye kanisa karibu na Kamwenge, tukapika. Kesho yake, kabla ya saa sita, tulikuwa Rwamwanja.

Mdogo alikuwa amekaa mlangoni na wajukuu. Hakusimama. Mama naye hakumkaribia, alibaki na samli mkononi, akauliza la ng'ombe. Yule mama akanyamaza, tukaogopa. Halafu akasema, "Gaju. Na wewe ndiye uliyelia mpaka ukatapika, siyo mimi."

Samli ilianguka, lakini kifuniko kilikuwa kimefungwa vizuri.