Ukimya wa Sanduku

Ukimya wa mashine si wa aina moja. Kompyuta inayowaka kisha ikazimika, inayozungusha feni bila ya kuonesha kitu kwenye kioo, inayolia mlio mmoja mrefu na miwili mifupi: zote hizo bado zinasema, na mwenye kuijua lugha yao huwaelewesha wengine. Iliyo ngumu ni ile isiyotamka neno. Unabonyeza kitufe, na kilichoko mbele yako ni sanduku la bati tu, mithili ya kabati tupu. Hapo watu wengi hukata shauri kwa haraka: imekufa. Nami, kwa idhini ya msomaji aliyezifungua kurasa hizi akitafuta mashairi, nataka kusema kidogo juu ya haraka hiyo, kwani ndani ya sanduku nililolishughulikia mlikuwa na shairi.

Mama mkubwa, dada wa marehemu mama yangu, alitunga tangu ujana wake na hakupata kuandika. Macho yalipomwacha, kutunga hakukumwacha. Kila usiku wa kuamkia Ijumaa, baada ya sala ya Isha, nilikaa mbele ya kompyuta nyumbani kwetu Malindi, naye juu ya kitanda cha kamba, akisoma kwa sauti nami nikiandika. Kisha nilimsomea, akahesabu mizani kwa vidole, maana hiyo ndiyo iliyokuwa namna yake ya kusahihisha. Mashairi ya nyuma nilikuwa nikiyanakili pahala pengine kila Jumamosi, na hayo hayakunitia hofu. Lakini usiku mmoja wa Mei 2014 alinisomea beti kumi na mbili kwa mfululizo, za marehemu mumewe aliyekwenda baharini asirudi, jambo ambalo kwa miaka thelathini na kitu hakulitaja mbele yetu. Nilimaliza ubeti wa mwisho, nikahifadhi, na umeme ukakatika kabla hatujazima. Alfajiri ulirudi, ukaruka mara mbili tatu, kisha ukatulia. Asubuhi kitufe hakikujibu.

Nilimuuliza kama ataweza kunisomea tena.

"Mwanangu," alisema, "lile lilikuwa limeniziba. Limeshatoka. Nikilitafuta sasa napata maneno tu."

Sisi wa Unguja si wageni wa giza. Mwaka 2008, kuanzia Mei hadi Juni, tulikaa takriban mwezi mzima bila ya umeme. Na kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010 tukakaa miezi mitatu, tukiungoja waya wa baharini unaotoka Ras Kiromoni hadi Fumba, uliolazwa mwaka 1980. Mwaka 2013 ulikamilishwa waya mpya wenye uwezo wa megawati 100, na hali ikawa bora sana, ingawa hakuna waya wa baharini unaoweza kuuzuia mnazi usiangukie nguzo ya mtaani. Miaka hiyo ilituzowesha kuusingizia umeme kila kinachokufa. Fundi mmoja niliyemwendea alisikiliza kisa changu chote, hakutaka hata kuliona sanduku, akaniambia kuwa umeme umeunguza kila kilichomo, diski na yote, na kwamba anayo kompyuta nyingine ya kuniuzia. Nilimshukuru, nikarudi nyumbani na huzuni ya mtu aliyepewa habari ya msiba na asiyemwamini mjumbe.

Mashine ile haikununuliwa nzima. Tuliiunga wenyewe mwaka 2012, mimi na kijana wa ndugu yangu: sanduku kutoka Dar es Salaam, ubao mama uliokuja na msafiri kutoka Dubai, vilivyobaki tulivipata kimoja kimoja. Kijana huyo sasa alikuwa Muscat akifanya kazi. Nilimpigia simu, nikamweleza kuwa kompyuta imeungua.

"Ami, nani kasema imeungua? Wewe unajua kuwa haiwaki tu. Anzia hapo."

Akaniambia kwanza juu ya diski, akijua ndiyo inayonikosesha usingizi. Chumba kikizimika taa, alisema, vitabu havikimbii rafuni. Diski hukihifadhi kilichoandikwa hata bila ya umeme, na tukishindwa na yote tutaitoa tuitie katika kompyuta nyingine ya aina ile. Lakini hiyo iwe akiba. Tuulize kwanza, tena kwa mpango, tukianza na kilicho karibu na cha bei ndogo.

Msomaji mshairi ataielewa njia hiyo bila ya kufundishwa. Mshororo unapochechemea, hatulitupi shairi zima. Tunahesabu: mizani nane kipande cha mbele, nane cha nyuma, vina vya kati, vina vya mwisho, na kila pale hesabu inapotimia tunajua kuwa ila haiko hapo. Tulianza nje. Nilichomeka taa ya mezani katika soketi ile ile, ikawaka. Nilifungua plagi, nikaibadilisha fyuzi yake. Niliuondoa waya nikatia ule wa jiko la umeme la kupikia wali, ambao mdomo wake ni mmoja na wa kompyuta. Nikatazama swichi ndogo ya nyuma, karibu na feni, ambayo mtoto akiigusa kwa mpira hulala bila ya kujulikana. Yote yalikuwa sawa, na sanduku likabaki kimya.

Tukaingia ndani. Nilipolifungua niliona kitu ambacho kwa nje hakikuonekana: kijitaa cha kijani juu ya ubao mama, kimewaka. Nilimwambia kijana. Alicheka kwa furaha hata nikadhani hakunisikia. Kumbe kompyuta iliyozimwa haikuzimwa kabisa. Pawasaplai, yaani lile sanduku la chuma linaloupokea umeme wa nyumba wa volti 230 na kuugawa kuwa mdogo, huendelea kupeleka volti 5 kwenye ubao kwa waya wa zambarau, usiku na mchana, ili ubao ukae macho ukingojea amri. Na kitufe cha mbele hakikati wala hakiungi umeme mkubwa, kama nilivyodhani siku zote. Kazi yake ni kugusanisha nyaya mbili nyembamba kwa nukta moja, na ubao, ukihisi mguso huo, ndio unaoiamrisha pawasaplai iamke. Mashine yangu, kwa hiyo, haikuwa maiti. Ilikuwa imelala na sikio wazi.

Tuliijaribu pawasaplai peke yake. Huziondoi nyaya zake zote ila kwanza umeuchomoa umeme wa ukutani. Kisha unashika kile kichwa kikubwa chenye matundu 24, unautafuta waya wa kijani, uko peke yake, na wowote mweusi ulio jirani, unaviunganisha vitundu vyao kwa kibanio cha karatasi kilichonyooshwa, ndipo unarudisha umeme. Feni yake ikazunguka. Kijana alinionya nisikiamini kipimo hicho kupita kiasi, kwani pawasaplai dhaifu huweza kuzungusha feni na ikashindwa na mzigo. Na alinionya zaidi nisithubutu kuufungua mfuniko wake, maana kapasita za ndani huweza kushika umeme mkali hata baada ya kuchomolewa. Nilimhakikishia kuwa ushujaa huo sina.

Baada ya hapo tukapunguza. Tukatoa diski (niliifunga katika kanga ya Mama mkubwa, akaipakata), tukatoa kadi, tukaacha rami moja badala ya mbili. Kisha kijana akasema nivichomoe vile vijiwaya vya kitufe kutoka katika pini zao mbili juu ya ubao, na nizigusanishe pini hizo kwa ncha ya bisibisi, mara moja tu.

Feni zote zikaamka.

Mama mkubwa, aliyesikia mvumo ule, alisema "Alhamdulillahi" kabla mimi sijapata la kusema. Nilikitoa kitufe, nikakipasua. Vibati viwili vidogo vya ndani, ambavyo kazi yao ni kugusana, vilikuwa vimevaa kutu ya kijani, kazi ya hewa ya chumvi inayopanda kutoka bandarini na unyevu wa masika. Usiku ule wa beti kumi na mbili vilikuwa vimegusana kwa mara ya mwisho, na kukatika kwa umeme saa chache baadaye kukawa sadfa tu, iliyotupotosha sote. Umeme, ambao mtaa mzima ulishautia hatiani, haukuwa na kosa lolote.

Kitufe cha namna ile sikukipata mjini. Lakini Darajani nilipata kitufe cha kengele ya mlango, na kwa umeme hakuna tofauti: navyo hugusanisha nyaya mbili kwa nukta moja. Tulikipigilia ubavuni mwa sanduku. Wajukuu, kila walipokibonyeza, walipiga hodi kwanza, na hakukosekana wa kuwajibu.

Usiku wa Jumapili nilirudisha diski pahala pake na kulifungua shairi. Lilikuwapo lote. Nilimsomea polepole, naye vidole vyake vikihesabu juu ya goti. Ubeti wa kwanza hadi wa sita alinyamaza. Nilipoumaliza wa saba aliinua mkono.

"Rudia huo."

Nikaurudia. Ulikuwa ubeti uliomlaumu marehemu kwa kusafiri siku ile, ilhali alikatazwa. Kwa vina na mizani haukuwa na ila.

"Ufute," alisema.

Nilimwambia kuwa nimehangaika siku tatu kwa ajili ya beti kumi na mbili, na huo ni mmoja wao.

"Najua, mwanangu. Ufute. Ule niliusema kwa sababu nilikuwa sijausema."

Nikaufuta, tukaendelea na wa nane.