Ala Inayosema

Ndugu walimu wenzangu, mwaka 2019 nilijaliwa kumtembelea dada yangu anayeishi St. Paul, katika jimbo la Minnesota, Marekani. Nia yangu ilikuwa kuwaona wapwa zangu, wala sikwenda kutafuta somo. Hata hivyo, jirani wa dada, mzee wa Kihmong, aliponialika kwenye mkutano wa chama cha ukoo wao, sikusita.

Wahmong ni watu wa milimani. Asili yao ni China ya kusini, na baadhi yao walihamia Laos na nchi za jirani. Wengi walipigana upande wa Wamarekani katika vita vya siri huko Laos. Na wakomunisti waliposhika serikali mwaka 1975, ikawabidi kukimbia, wakavuka mto Mekong mpaka kambi za Thailand. Kutoka huko maelfu walipelekwa Marekani, ambako leo idadi yao imepita laki tatu.

Kila Mhmong ana ukoo wake: Vang, Xiong, Yang, Lee na kadhalika. Huko Minnesota huhesabiwa koo 18. Watu wa jina moja hawaoani hata kama hawajapata kuonana. Ukoo ndio uchangao mazishi, ndio usuluhishao ugomvi wa mume na mke, na sasa ndio uwasaidiao vijana kuendelea na masomo. (Daftari la mweka hazina wao lilinitia wivu. Nimekuwa mweka hazina wa chama cha walimu, najua nisemalo.)

Ukumbini wasichana walikuwa wakidarizi vitambaa viitwavyo paj ntaub. Pembeni wavulana walijifunza kupuliza qeej, ala yenye mianzi sita. Mzee alinieleza kwamba ala hii husema. Lugha yao ni ya toni, na sauti za mianzi hushika nafasi ya maneno, hata asikiaye aliyefunzwa huelewa. Msibani huungana na utenzi wa kumwongoza marehemu, akirudishwa mahali hadi mahali pote alipoishi, mpaka pale kondo lake lilipozikwa. Basi aliyefia St. Paul hupitishwa kambini, avuke tena Mekong, arudi kijijini. Nilinyamaza kitambo, maana kwetu pia mtu huulizwa kitovu chake kilizikwa wapi.

Kisha likaja somo la kuandika. Maandishi wanayoyatumia yalibuniwa na wamisionari huko Laos mapema katika miaka ya 1950. Mwalimu, binti asiyezidi miaka ishirini, aliandika ubaoni “Hmoob”. Herufi ya mwisho haitamkwi hata kidogo. Kazi yake ni kuonyesha kwamba toni iko juu. Badili herufi hiyo, na neno hubadilika. Mimi niliyezoea Kiswahili kisicho na toni nilitamka mara nne, na watoto wakacheka mara nne.

Wakati wa chakula mzee aliniuliza, mjukuu wake akifasiri: “Mwalimu, watoto wako wanasema lugha ya mama yako?”

Ndugu zangu, mimi ni Mkonzo wa Kasese, mzaliwa wa milima ya Rwenzori. Nimefundisha Kiswahili miaka kumi na tisa, na nyumbani Kampala tumekuwa tukitumia Kiswahili na Kiingereza. Nilijivuna kwa hilo, tena nililitangaza mikutanoni. Binti yangu humwamkia bibi yake kwa Kiswahili, na mama yangu, ambaye Kiswahili chake ni cha sokoni, humjibu kwa kucheka tu. Nilimwambia mzee ukweli. Hakunilaumu, aliniongezea wali.

Niliporudi nilimpigia mama simu, nikampa binti yangu azungumze naye. Nilimwomba mama ataje kwa Kikonzo vitu vilivyokuwa jikoni mwake, kimoja kimoja, polepole. Alidhani nina homa. Hata hivyo alianza na chungu, akaendelea na kinu, na kabla ya salio kuisha binti yangu alikuwa ameandika maneno kumi na moja, mawili kati ya hayo akiwa ameyakosea. Jumamosi iliyofuata mama alipiga mwenyewe.